Mumiani na Hesabu ya Wafu katika Uluguru

Wahenga walinena, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Methali hii yamhimiza mgonjwa asifiche, lakini haisemi neno juu ya wajibu wa yule aliyefunuliwa siri. Habari za mwili wa mtu zikisha kutolewa, ni mali ya nani? Na zitumiwe kwa idhini ya nani? Historia ya Milima ya Uluguru yatupa jambo la kufikiri.

Mumiani ni neno lenye asili ya Kiajemi. Katika kamusi za kale maana yake ni dawa nyeusi mfano wa utomvu, ambayo baadhi ya watu walisadiki kuwa imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Zama za ukoloni neno likahamia kwa watu: mumiani akawa ni yule awakamataye wenziwe usiku na kuwatoa damu kwa faida ya wageni. Uvumi huo ulienea sana katika Afrika ya Mashariki, na mwanachuoni Mholanzi, Peter Pels, aliandika habari zake katika Uluguru mwaka 1992. Msomi mwenye haraka ataucheka. Lakini tukiondoa yale ya ajabu, libakialo ni swali la haki: kilicho changu chachukuliwa, chaenda wapi, nami napata nini?

Swali hilo halikuishia katika damu. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na shuruti ile ikaachwa. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji kweli. Lakini hata kheri, ikija kwa amri pasipo shauri, huonekana kuwa dhuluma.

Mwaka 1992 ulianza mradi wa kuchunguza vifo katika Morogoro Vijijini, Hai na sehemu za Dar es Salaam. Watu wengi walifia nyumbani pasipo kuonwa na daktari, hivyo sababu za vifo hazikuandikwa popote. Waulizaji waliwaendea wafiwa, wakauliza dalili za marehemu na siku zake za mwisho. Hakuna aliyetolewa damu, lakini kilichotolewa kilikuwa kizito vilevile.

Safari hii kilichotolewa kilirudi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya, ikisaidiwa na Kanada, ilianza kuzitumia hesabu za namna hiyo kupangia fedha za wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji. Ilionekana kuwa malaria ilipoteza kama sehemu 30 katika 100 za miaka ya uhai Morogoro, nayo ikipewa sehemu 5 tu za fedha za afya za mwaka 1996. Kifua kikuu kilipoteza chini ya sehemu 4, kikapewa 22. Mipango ikabadilishwa, na katika miaka michache vifo vya watoto vilipungua sana.

Hata hivyo mafanikio hayafuti maswali. Kifua kikuu huambukiza. Je, mgonjwa wake mmoja kule milimani apimwe kwa uchache wa wenziwe? Tena, Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mume akihojiwa juu ya kifo cha mkewe, je, idhini yake yatosha, ilhali wajomba na ndugu wa kuukeni mwa marehemu hawakuulizwa? Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 yalinda siri ya aliyepimwa, na hilo ni jema. Lakini sheria za namna hiyo humtazama mtu mmoja aliye hai, ambapo siri ya maiti ni ya ukoo mzima.

Naona, basi, kuwa mumiani hashindwi kwa kejeli, wala kwa karatasi ya kutia sahihi peke yake. Hushindwa pale mwenye kutoa aulizwapo kabla, aambiwapo baada, na aonapo kwa macho yake zahanati ya kijijini ina dawa. Waliofiwa walisimulia vifo vya watoto wao, na watoto wa wengine wakapona. Deni hilo lilistahili kurudishwa mlangoni mwao, pamoja na shukrani.