Mtendeli: Mji uliokuja mara mbili na kuondoka mara mbili

Desemba 2021 kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, wilayani Kakonko mkoani Kigoma, ilifungwa. Warundi wapatao 20,000 waliokuwa wamebaki humo walihamishiwa Nduta, wilaya jirani ya Kibondo. Katika taarifa za mashirika, habari hiyo ilihusu kupunguza gharama na kuunganisha huduma. Kwa wakulima wa vijiji vinavyoizunguka kambi, ilikuwa mara ya pili kuondokewa na mji.

Mji ndio uliokuwa pale. Miaka mitano kabla, Mtendeli ilikuwa na watu karibu 50,000, katika wilaya ambayo sensa ya 2012 iliikuta na wakazi 167,000 hivi. Hakuna kijiji wala mji mdogo wilayani uliokaribia ukubwa huo, hata Kakonko yenyewe, makao makuu ya wilaya. Kambi ilikuwa na zahanati, shule, polisi, ofisi na foleni za mgao. Hata hivyo, kwenye mipango ya wilaya ilihesabiwa kuwa ya muda.

Kuhamishwa si jambo geni katika nyanda hizi. Zamani Waha, wenyeji wa nyanda hizi, walikuwa katika himaya za watemi wao: Buyungu upande wa Kakonko, Muhambwe upande wa Kibondo, Heru upande wa Kasulu. Buyungu na Muhambwe yalikuja kuwa majina ya majimbo ya uchaguzi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ubelgiji ilipewa Ruanda-Urundi na Uingereza ikapewa Tanganyika, na mpaka ukapita katikati ya watu ambao Kiha na Kirundi vyao vinasikilizana bila mkalimani. Serikali ya Waingereza iliifanya Kigoma kuwa chimbuko la vibarua. Vijana waliandikishwa manamba na kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge. Katika miaka ya 1930, ugonjwa wa malale ulipopamba moto, familia nyingi ziliondolewa maporini na kukusanywa katika makazi mapya.

Uhamisho mkubwa zaidi ulifuata mwaka 1972, kwa Operesheni Kigoma. Kaya zilizokuwa zimetawanyika kila moja kwenye migomba yake zilitakiwa kuhamia vijiji vya ujamaa, kabla operesheni za namna hiyo hazijaenea nchi nzima. Vijiji vingi vilivyojipanga kando ya barabara za Kibondo na Kasulu vilitokana na kazi hiyo. Mwaka huohuo mauaji makubwa yalitokea Burundi na maelfu ya watu wakavuka mpaka. Wengi walipelekwa mbali, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, wakagawiwa ardhi na kulima. Mwaka 2014 Tanzania ilitangaza kuwapa uraia watu wapatao 162,000 wa kizazi hicho na watoto wao.

Waliokuja baadaye hawakupata mashamba. Oktoba 21, 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, aliyechaguliwa Juni mwaka huohuo, aliuawa na wanajeshi, na vita vikaanza. Safari hii Tanzania ilifungua kambi: Kanembwa, Nduta, Karago, Mkugwa na Mtendeli katika Kibondo ya wakati ule, Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu. Baadhi ya Warundi walikuwa wameishi miaka mingi vijijini, wameoa na kuolewa na kulima. Mwishoni mwa 1997 jeshi liliwakusanya na kuwapeleka kambini nao. Mwaka uliofuata Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliweka kanuni ambayo ipo hadi leo: mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, na akitoka awe na kibali. Katika utekelezaji, mwendo wa kilomita nne kutoka kambini ndio uliokuja kuwa mpaka wake.

Ndani ya kilomita hizo nne uchumi mpya ulizaliwa. Mgao wa wakimbizi ulikuwa unga wa mahindi, kunde au mbaazi, mafuta ya kula na chumvi. Mwenye watoto alihitaji pia mboga, sabuni na nguo, na Mrundi aliyezoea ugali wa muhogo hakuridhika na mahindi kila siku. Basi mafuta yakatoka kambini, na ndizi, mihogo na maharage yakaingia. Mkulima aliyekuwa akisubiri gulio la wiki akapata mnunuzi kila siku. Mwenye shamba kubwa alipata vibarua wa kulima na kupalilia kwa ujira mdogo. Kijana aliyemaliza shule alipata ulinzi, udereva au ukarani katika shirika. Wakati huohuo Mwha maskini aliyeishi kwa kibarua aliona ujira wake ukishuka, kwa kuwa mkimbizi alikubali hata nusu. Mama wa kijijini na mama wa kambini walikutana porini wakitafuta kuni zilezile, na mara nyingine hapakuwa na salamu njema.

Mkataba wa Amani wa Arusha ulitiwa saini Agosti 28, 2000, chini ya usuluhishi wa Nelson Mandela aliyechukua nafasi ya Mwalimu Nyerere. Kuanzia 2002 watu walianza kurejea Burundi, na kambi za Kibondo zikafungwa moja baada ya nyingine. Ya mwisho ya Warundi, Mtabila, ilifungwa Desemba 2012. Leo majina ya Mtabila na Kanembwa yanajulikana kwa vijana kama makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Amani hiyo haikudumu. Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza alitangazwa kugombea muhula wa tatu. Machafuko yakazuka, na maelfu wakakimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania ufukweni mwa Ziwa Tanganyika ambako kipindupindu kiliwakuta wamesongamana, na meli kongwe ya MV Liemba ikawavusha hadi Kigoma mjini. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, ilifurika. Nduta ikafunguliwa upya Oktoba 2015, na Mtendeli ikafuata Januari 2016. Baadhi ya waliopangiwa hema waliwahi kuishi kambini hapo wakiwa watoto.

Maji yaliuwekea mji huo kikomo. Kipimo kinachotumika katika huduma za wakimbizi ni lita 20 kwa mtu kwa siku, nayo Mtendeli ilihangaika kukifikia. Idadi ilipokaribia 50,000 wageni wapya walielekezwa Nduta.

Ukarimu ulianza kubanwa Januari 2017, Serikali ilipoacha utaratibu wa kuwapokea Warundi kwa jumla kama wakimbizi. Septemba mwaka huo urejeaji wa hiari ulianza. Kufikia 2019 masoko ya pamoja, ambamo mwanakijiji na mkimbizi walipanga bidhaa zao bega kwa bega, yalikuwa yamefungwa katika kambi za Kigoma kwa sababu zilizotajwa kuwa za usalama. Mwanakijiji alipoteza wateja wake miaka miwili kabla kambi haijafungwa.

Je, mji wa namna hii huacha nini? Majibu ya kisayansi yanapatikana zaidi mkoani Kagera. Huko, Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24, na kambi ya Benaco ikaitwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania. Wachumi waliozifuatilia kaya za wenyeji kwa miaka mingi waligundua kwamba hali ya maisha ya waliokuwa karibu na kambi iliimarika, na kwamba faida hiyo iliendelea baada ya wakimbizi kuondoka, hasa kwa sababu barabara zilizojengwa kwa ajili ya kambi zilipunguza gharama za usafiri. Kakonko na Kibondo zilingoja lami muda mrefu zaidi. Barabara ya Nyakanazi, Kakonko, Kibondo hadi Kasulu ilibaki vumbi na tope kwa sehemu kubwa wakati kambi zilipojaa, na ujenzi wa lami umekuja kushika kasi miaka ya karibuni.

Tangu 2017 Mpango wa Pamoja wa Kigoma wa mashirika ya Umoja wa Mataifa umeweka wenyeji na wakimbizi katika fungu moja: elimu, maji, kilimo, mazingira. Ni hatua nzuri iliyochelewa. Vijiji vya Mtendeli vilitoa ardhi, kuni na maji kwa vizazi viwili vya wakimbizi, bila kuulizwa kambi ifunguliwe lini wala ifungwe lini. Halmashauri, Wizara ya Mambo ya Ndani na wafadhili wanapaswa kukubaliana na serikali za vijiji, kwa maandishi na tangu siku ya kwanza, nani atamiliki kisima, darasa na zahanati, na nani atapanda miti iliyokatwa. Nduta nayo ina vijiji jirani. Makubaliano hayo yaanzie huko.