Ndege Zilizoshambulia Kigoma Mwaka 1916

Mtu akisimama ufukoni Katonga, karibu na Kigoma, akaelekeza uso wake kusini-magharibi, aitazama njia ya ndege za vita za mwaka 1916. Wengi wa mwambao huu wamesikia habari za meli Liemba. Bali ni wachache waulizao juu ya ndege zilizotumwa kuiharibu, wakati ilipoitwa Graf von Götzen na kuwa mali ya Wadachi.

Ndege hizo zilikuwa nne, aina ya Short, ambazo Waingereza waliwaazima Wabelgiji. Hazikuwa na magurudumu. Zilikaa juu ya maboya, zikaruka kutoka majini na kutua majini. Kila moja ilichukua watu wawili, rubani na mtazamaji wake. Kituo chao kilikuwa Mtoa, upande wa Kongo, kaskazini ya mahali mto Lukuga unapotoka ziwani. Kutoka huko hata Kigoma ni kilometa 100 hivi, na mwendo wao haukuzidi sana kilometa 100 kwa saa. Basi kwenda na kurudi kulitaka saa mbili na zaidi, kwa injini moja tu. Injini ikizimika, rubani hushuka ziwani akangoja mashua, iwe ya rafiki au ya adui.

Je, nani aliyezilinda safarini? Hapakuwa na ndege za kuzisindikiza, wala hazikuhitajiwa, kwa kuwa Wadachi hawakuwa na ndege ziwani. Hatari yote ilitoka chini.

Tarehe 10 Juni 1916, Aimé Behaeghe na mwenziwe Collignon walifika Kigoma, wakaitupia Götzen mabomu. Wabelgiji walisema meli imepigwa. Habari nyingine zasema haikuguswa. Hapo ndipo mtafiti anapoona kwamba ndege ya kusindikiza si ngao tu, bali ni shahidi pia. Katika vita vya pili, tarehe 9 Februari 1945, ndege za Beaufighter zilishambulia manowari za Wadachi huko Førde, Norway, zikisindikizwa na Mustang. Zilipotea Beaufighter 9 na Mustang 1. Habari za shambulio lile zaweza kulinganishwa kikosi kwa kikosi, kisha na maneno ya adui. Kwa Kigoma hatuna utajiri huo.

Yatupasa basi kuiuliza meli yenyewe. Tarehe 26 Julai 1916 Wadachi waliizamisha kwa mikono yao, na siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito isipate kutu. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Kwa maoni yangu, mtu hatunzi hivyo mitambo ya meli aliyokwisha kuikatia tamaa. Lakini hilo si hakika kwamba mabomu yalikosa, maana tundu la bomu laweza kuzibwa.

Behaeghe mwenyewe alifariki huko Niemba, katika Kongo, mwezi wa Desemba 1916, Götzen ingali chini ya maji.