Marekani: namna watu waliohama kutoka Kusini walivyobadilisha kura ya nchi

Kila baada ya miaka minne, habari za uchaguzi wa Marekani hufika kwa redio hadi ndani ya kambi za wakimbizi wa ndani mashariki mwa Kongo. Wengi husikia majina ya wagombea, kisha jina la mshindi, na mambo yanaishia hapo. Lakini nyuma ya majina hayo kuna hesabu ya watu: nani anaishi wapi, wangapi wamehama, na raia wanawaza nini. Historia ya watu weusi wa Marekani inaonyesha jambo hilo wazi. Ni historia ya watu walioacha kwao kwa mamilioni, na kura ikahama pamoja nao.

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka wa 1787, inaagiza watu wote wahesabiwe kila baada ya miaka 10. Hesabu ya kwanza ilifanyika mwaka wa 1790. Ni kwa hesabu hiyo kila jimbo hupata viti vyake katika bunge la taifa, ambavyo leo ni 435. Hata kura ya kumchagua rais inaifuata. Kila jimbo lina wajumbe wa kumchagua rais sawa na idadi ya wabunge wake, ukiongeza maseneta wake wawili. Pamoja na wajumbe 3 wa mji mkuu Washington, wote ni 538, na anayetaka kuwa rais lazima apate 270. Kwa hiyo watu wakihama, nguvu ya siasa nayo inahama.

Hesabu hiyo ilianza na dhuluma. Majimbo ya Kusini yalikuwa na watumwa wengi, na watumwa hawakupiga kura. Hata hivyo, kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu, ili mabwana zao wapate viti vingi zaidi. Utumwa ulikomeshwa mwaka wa 1865, na mwaka wa 1870 katiba ilikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Lakini majimbo ya Kusini yalitafuta njia nyingine. Yaliweka kodi ya kulipwa kabla ya kupiga kura, na mitihani ya kusoma ambayo mweusi alifelishwa hata kama anajua kusoma. Mississippi iliandika hayo katika katiba yake ya mwaka wa 1890. Mtu mweusi akawa anahesabiwa kamili ili jimbo lipate viti, lakini siku ya kura anafukuzwa mlangoni.

Mwaka wa 1910, karibu watu weusi 9 kwa 10 walikuwa bado wanaishi Kusini. Wengi walilima pamba katika mashamba yasiyo yao, wakiwa na madeni yasiyokwisha. Wadudu waliharibu pamba, na watu weusi waliuawa na makundi ya wazungu bila wauaji kuhukumiwa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, wahamiaji kutoka Ulaya walipungua na viwanda vya Kaskazini vikakosa wafanyakazi. Familia zikafunga mizigo na kupanda treni kuelekea Chicago, Detroit, Cleveland na New York. Kufikia mwaka wa 1970, watu wapatao milioni 6 walikuwa wameondoka Kusini. Mjini Chicago peke yake, watu weusi walikuwa karibu 44,000 mwaka wa 1910. Miaka 20 baadaye walizidi 230,000.

Huko Kaskazini pia walikutana na ubaguzi, katika nyumba na katika kazi. Lakini kura hawakuzuiwa. Mwaka wa 1928, watu wa mitaa ya kusini mwa Chicago walimchagua Oscar De Priest kuwa mbunge. Tangu mwaka wa 1901 bunge la taifa halikuwa na mbunge mweusi hata mmoja. De Priest alikuwa wa chama cha Republican, chama cha Abraham Lincoln. Mwaka wa 1934 alishindwa na Arthur Mitchell, mweusi pia, wa chama cha Democratic. Shida za njaa na ukosefu wa kazi zilikuwa zimebadilisha mawazo ya raia, na weusi wengi walianza kumfuata Rais Franklin Roosevelt.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa inajifunza kupima maoni ya raia. Mwaka wa 1936, gazeti Literary Digest lilituma karatasi kama milioni 10 na kupata majibu zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Roosevelt atashindwa. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Gazeti lilikuwa limewaandikia zaidi wenye simu na magari, na wengi wa maskini hawakuulizwa. George Gallup aliuliza watu wachache zaidi, lakini alichagua wa kila aina, akapata jibu la kweli. Mwaka wa 1948 Gallup naye alikosea: aliacha kuuliza mapema, akasema Thomas Dewey atamshinda Rais Harry Truman. Mwaka huo Truman alikuwa ameamuru ubaguzi ukomeshwe jeshini, na baadhi ya wazungu wa Kusini wakaacha chama chake. Lakini alishinda Illinois kwa kura kama 33,000 na Ohio kwa kura kama 7,000. Katika majimbo hayo, mitaa ya weusi mjini Chicago na Cleveland ilimpa kura nyingi.

Waliobaki Kusini walingoja zaidi. Tarehe 7 mwezi wa tatu mwaka wa 1965, polisi waliwapiga waandamanaji kwenye daraja la mji wa Selma, jimbo la Alabama, na televisheni ikaonyesha picha hizo usiku uleule. Hasira ya raia ilisukuma bunge. Tarehe 6 mwezi wa nane, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya kulinda haki ya kura. Jimboni Mississippi, weusi walioandikishwa walikuwa chini ya 7 kwa mia. Miaka miwili baadaye walikuwa karibu 60 kwa mia.

Leo wajukuu wa waliohama wanarudi Kusini, hasa Atlanta na miji ya kandokando yake. Mwaka wa 2020, Joe Biden alishinda jimbo la Georgia kwa kura zisizofika 12,000. Lakini idadi peke yake haichagui mtu. Katika wilaya ya Starr, jimboni Texas, karibu wakaaji wote wana asili ya Mexico. Wengi walidhani kura yao inajulikana tangu zamani. Mwaka wa 2024 ilimwendea Donald Trump, na tangu mwaka wa 1892 wilaya hiyo haikuwahi kumpa ushindi mgombea urais wa Republican. Bei ya chakula na mambo ya mpaka yaliwagusa kama yanavyowagusa wengine.

Wakongo waliopokelewa Marekani kutoka kambi za Uganda, Burundi na Tanzania wamo katika hesabu hiyo, hata kabla ya kuwa raia na kupata kura. Nyumbani, hesabu ya mwisho ya wakaaji wote wa Kongo ilifanyika mwaka wa 1984. Na katika uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2023, Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwa sababu ya vita. Watu weusi wa Mississippi walipohama, walihesabiwa upya pale walipofika, na wakapata wa kuwasemea bungeni. Familia iliyotoka Masisi na kulala chini ya hema bado inangoja kuulizwa jina, mahali inapoishi na mtu inayemtaka.