Hawezi, Anawezeshwa

Shangazi yangu anaishi Umoja, Nairobi, lakini amezaliwa Mombasa, na akiugua hasemi "mimi mgonjwa". Husema "siwezi". Ukimuuliza habari za jirani atakwambia, "Hawezi tangu juzi." Wajukuu zake, watoto wa Eastlands, humuuliza, "Hawezi nini?" Kwa Waswahili wa pwani swali hilo halina haja. Kutoweza ndiko kuugua.

Nilimkumbuka nilipokuwa nikitafsiri kijitabu kuhusu apu za simu kwa wagonjwa waliolazwa. Kiingereza kina istilahi "patient empowerment", iliyojengwa juu ya neno la mamlaka (power), nasi tumezoea kuandika "uwezeshaji wa mgonjwa". Nilikuwa nikilikwepa neno hili. Mtaani, tangu Hazina ya Uwezo ianze kukopesha vikundi vya vijana na akina mama miaka ya 2010, uwezeshaji umekaa kama jina jingine la mtaji. Lakini ukilirudisha kwenye kinywa cha shangazi, linapata uhai: yule asiyeweza, mwezeshe.

Hata hivyo halitoshi. Sikiliza vitenzi vinavyomzunguka mgonjwa: analazwa, anapimwa, anadungwa, anaandikiwa dawa, anaruhusiwa. Vyote ni vya kutendewa. Uwezeshaji nao ni kazi ya mwezeshaji; mgonjwa bado amelala palepale. Kwa hiyo natumia maneno mawili. Kinachofanywa na hospitali au simu nakiita uwezeshaji. Kinachobaki mkononi mwa mgonjwa, yaani kujua, kuuliza, kukubali na kukataa, nakiita uwezo wa mgonjwa. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inakitambua: mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, na kwamba ana haki ya kukataa, tena, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa.

Na "apu" je? Marekani kuna MyChart Bedside, ambapo mgonjwa akiwa kitandani huona kwenye tableti dawa zake, majibu ya vipimo na majina ya wanaomhudumia. Huku kwetu mfano wa karibu ninaoujua ni PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health, na huo hupita kwenye SMS. Mjamzito au mama aliyejifungua huuliza bila malipo, kwa Kiswahili au Kiingereza, hata akiwa na kabambe, simu ya kawaida ya vitufe. Kompyuta huyapanga maswali, yenye dalili za hatari yakatangulia, na wahudumu wa afya huyashughulikia. Ni huduma inayoanza kabla ya wodi na kuendelea baada yake. Ukiiita "programu tumizi" umemfungia nje mwenye kabambe, ndiye mwenye haja nayo zaidi. Mimi naandika "huduma ya simu", kisha apu inakuwa aina yake mojawapo.

Shangazi mwenyewe alilazwa mwaka jana. Wodi ilikuwa na soketi moja ya kuchajia, karibu na meza ya wauguzi. Daktari alipita raundi asubuhi, sisi tukiruhusiwa kuingia saa saba mchana, na kila nilipomuuliza shangazi daktari amesema nini alijibu, "Amesema vizuri." Nikamwomba kila swali likimjia usiku aliandike kwenye simu, kama SMS isiyotumwa. Aliandika mawili: sindano ya saa nne usiku ni ya nini, na mbona tembe nyeupe zimeachwa.

Asubuhi alimpa daktari simu. Daktari akasoma, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamweleza. Nilipofika na chupa ya uji, shangazi alinitamkia jina la dawa silabi kwa silabi, he-pa-ri-ni, ya kuzuia damu isigande.

"Hujambo leo, shangazi?"

"Bado siwezi, mwanangu. Lakini hii ya usiku naijua kazi yake."