Ssenyonyi, Joel: Michango Bungeni kuhusu Uchukuzi na Siasa

Joel Besekezi Ssenyonyi ni mwandishi wa habari wa zamani na mbunge wa Nakawa Magharibi jijini Kampala, jimbo ambalo ndani yake kimo kilima cha Naguru. Aliingia bungeni 2021 kwa tiketi ya National Unity Platform (NUP), akaongoza COSASE, kamati inayohoji mashirika ya umma, hadi mwisho wa 2023, kisha akawa Kiongozi wa Upinzani Bungeni. Michango yake inayotajwa zaidi imo katika mambo mawili: uchukuzi, hasa wa anga, na mwenendo wa Bunge lenyewe. Tofauti na jirani yake Kenya, Uganda haina Seneti. Chumba ni kimoja, wabunge wanapita 500, na muda wa kusema ukumbini ni wa kugombania. Ndiyo maana mbunge wa upinzani anayetaka kusikika huhitaji kamati, na Ssenyonyi aliipata mapema.

Jimbo

Naguru ni kilima cha tarafa ya Nakawa, mashariki mwa katikati ya jiji. Juu yake kuna nyumba za wenye nacho na makao makuu ya Polisi ya Uganda. Chini yake kuna mtaa wa mabanda wa Naguru Go-Down. Hospitali ya Urafiki ya China na Uganda, ambayo wakazi huiita tu Hospitali ya Naguru, ilifunguliwa Januari 2012.

Nyumba za kupanga za Nakawa na Naguru, zilizojengwa enzi ya ukoloni, zilibomolewa 2011 na zaidi ya familia 1,700 zikaondolewa ili kupisha mji mpya wa kisasa uliokabidhiwa kampuni ya Opec Prime Properties. Mji huo haukujengwa. Ardhi ilirudi mikononi mwa serikali, kisha Tume ya Ardhi ikaanza kuigawia wawekezaji, mgao ambao 2021 ulilifanya Bunge kuunda kamati teule chini ya mbunge Dan Kimosho. Wagombea ubunge hapa hawajawahi kukosa la kusema jukwaani.

Kabla ya uchaguzi wa Januari 2021 Nakawa ilikuwa jimbo moja. Fred Ruhindi wa chama tawala, NRM, alilishikilia hadi 2016, aliposhindwa na Michael Kabaziguruka wa chama cha upinzani cha FDC. Jimbo lilipogawanywa, NUP ilichukua pande zote mbili: Ssenyonyi magharibi, Ronald Balimwezo mashariki.

Kabla ya Bunge

Alikuwa mtangazaji na mwandishi wa habari za uchunguzi katika NTV Uganda. Mwaka 2019 aliacha kazi akawa msemaji wa vuguvugu la People Power la mwanamuziki na mwanasiasa Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, na vuguvugu lilipochukua sura ya chama cha NUP Julai 2020 aliendelea na usemaji huo.

Mwenyekiti wa COSASE, 2021 hadi 2023

Kamati ya Bunge ya Tume, Mamlaka za Kisheria na Mashirika ya Umma hujulikana kwa kifupi cha Kiingereza, COSASE. Kwa kanuni za Bunge, kamati za uwajibikaji wa fedha huongozwa na wapinzani. Ibara ya 90 ya Katiba huipa kamati nguvu za Mahakama Kuu katika kuita mashahidi, kuwaapisha na kudai nyaraka. Hufanya kazi kwa kufuata ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu: hoja moja baada ya nyingine, mkurugenzi upande huu wa meza na wahasibu wake, wabunge upande wa pili. Jina la kamati lilikuwa limeshakua kabla ya Ssenyonyi, hasa 2018 na 2019 chini ya Abdu Katuntu, ilipoihoji Benki Kuu kuhusu kufungwa kwa benki saba. Ssenyonyi alirithi kiti chenye moto.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga, Shirika la Reli, Mamlaka ya Barabara na Shirika la Ndege yalikuwa mashirika ya umma, kwa hiyo yote yaliangukia mezani pa kamati hii. Hivyo ndivyo mbunge ambaye hakuwahi kuwa waziri kivuli wa ujenzi alivyojikuta akihusishwa na uchukuzi kuliko wengi waliowahi.

Mkopo wa uwanja wa Entebbe

Mwaka 2015 serikali ilitia saini mkopo wa takriban dola milioni 200 na Benki ya Exim ya China kwa ajili ya kupanua uwanja wa ndege wa Entebbe. Riba ilikuwa asilimia 2 na muda miaka 20, saba ya kwanza ikiwa ya neema. Kazi ilipewa China Communications Construction Company na ikaanza 2016. Kwa miaka kadhaa mkopo huo ulihesabika kuwa wa kawaida.

Mnamo Oktoba 2021 COSASE ilipowahoji wakuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, mazungumzo yalihama kutoka kwenye zege na lami hadi kwenye vifungu. Ilidhihirika kwamba bajeti ya mamlaka ilihitaji ridhaa ya mkopeshaji, kwamba migogoro ingeamuliwa na baraza la usuluhishi lililoko Beijing, na kwamba Uganda ilikuwa imeachia kinga yake ya kidola. Waziri wa Fedha, Matia Kasaija, aliomba radhi mbele ya wabunge kwa jinsi mkataba ulivyoshughulikiwa.

Mwezi uliofuata magazeti ya Kampala yaliandika kwamba uwanja ungeweza kuchukuliwa na Wachina, na habari ikazunguka Afrika nzima. Serikali ilikana, ubalozi wa China nao ukakana. Watafiti wa AidData wa Marekani walipouchapisha mkataba wenyewe 2022 ilionekana kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli: uwanja haukuwa rehani, lakini mapato yake yalifungwa katika akaunti maalumu ili deni lilipwe kwanza, kabla ya matumizi mengine. Kwa kipimo chochote, hiki ndicho kikao cha kamati ya Bunge la Kumi na Moja kilichosikika mbali zaidi, na Ssenyonyi alikuwa na miezi michache tu kitini.

Shirika la Ndege la Uganda

Shirika la kwanza lilianzishwa 1976 na kufilisiwa 2001. La pili ni mradi wa Rais Museveni wa kurudisha bendera angani. Safari ya kwanza ya biashara ilikwenda Nairobi tarehe 28 Agosti 2019 kwa ndege ndogo za Bombardier CRJ900 zenye viti 76, nne kwa jumla. Ndege mbili kubwa za Airbus A330-800, za viti 258, zilifika Desemba 2020 na Februari 2021, katikati ya janga la Uviko, wakati dunia nzima ilikuwa imeegesha ndege za aina hiyo. Aina yenyewe imenunuliwa na mashirika machache mno duniani. Johannesburg na Dubai zilianza kuhudumiwa 2021, Lagos na Mumbai 2023.

Hasara zilizoandikwa na Mkaguzi Mkuu ndizo zilizokuwa kuni za kamati. Mwaka wa fedha 2020/21 shirika lilipoteza shilingi bilioni 164.6, mwaka uliofuata bilioni 266 hivi, 2022/23 zikafika bilioni 324.9. Zilishuka hadi takriban bilioni 237.8 mwaka 2023/24, Ssenyonyi akiwa ameshaondoka kwenye kamati. Hoja ya watetezi wa shirika ni kwamba hakuna shirika la ndege linalopata faida katika miaka yake mitano ya mwanzo, na hoja hiyo ina uzito. Ssenyonyi kwa kawaida hakubishana nayo. Yeye aliuliza nani aliajiriwa, kwa barua ya nani, na tangazo la kazi liko wapi.

Swali hilo lilimwangukia Jenifer Bamuturaki. Mtangulizi wake, Cornwell Muleya, alisimamishwa 2021. Bamuturaki akakaimu, kisha Julai 2022 akathibitishwa kuwa mkurugenzi mtendaji. Kamati ilitaka kuona vyeti vyake na namna alivyopatikana, ikaelezwa kwamba uteuzi ulitokana na agizo la Rais kwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Jenerali Katumba Wamala. Vikao vilikuwa vikali. Waliovifuatilia kwenye televisheni watakumbuka ukimya uliofuata baadhi ya maswali kuliko majibu yake. Wanaomtetea mkurugenzi walisema anahojiwa kwa ukali ambao wanaume waliopita hawakuupata; wanaomtetea mwenyekiti walisema ndiyo kazi ya kamati.

Matokeo yake ya moja kwa moja yalikuwa madogo. Bamuturaki alibaki kazini, na alikuwa bado mkurugenzi mtendaji ndege ya kwanza ya shirika kwenda Gatwick, London, ilipopaa Mei 2025. Lakini tangu vikao vile, kila ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuhusu shirika hilo husomwa na watu ambao zamani wasingeigusa.

Barabara na reli

Katika fungu hili kumbukumbu za michango yake ni haba. Mamlaka ya Barabara ya Taifa (UNRA), iliyoanza kazi 2008, ilivunjwa kwa sheria iliyopitishwa 2024 na majukumu yake kurudishwa wizarani. Kambi ya upinzani chini ya Ssenyonyi ilipinga sehemu kubwa ya mpango wa serikali wa kuunganisha mashirika, ambao uvunjaji huo ulikuwa sehemu yake. Treni ya abiria ya Kampala hadi Namanve, inayopita Nakawa, ilirejea Aprili 2024 baada ya reli kukarabatiwa. Mashimo ya barabara za Kampala yaligeuka maonyesho ya mtandaoni Aprili 2023, yaliyoanzishwa na mhadhiri na mchoraji katuni Jimmy Spire Ssentongo, na yakamlazimisha Rais kuagiza fedha za dharura. Bunge lilifuata nyuma.

Mkazi wa Naguru huenda mjini kwa teksi ya abiria 14 au kwa bodaboda. Usafiri huo hauna mkurugenzi wa kuapishwa wala hesabu za kukaguliwa, na kwa sababu hiyo umeacha alama ndogo katika vikao vya COSASE kuliko ndege sita za shirika la taifa.

Kiongozi wa Upinzani

Desemba 2023 NUP ilimtangaza kuchukua nafasi ya Mathias Mpuuga, naye akaanza kazi Januari 2024. Uongozi wa COSASE ulikwenda kwa Medard Lubega Sseggona. Kiongozi wa Upinzani huteua mawaziri vivuli, hujibu hotuba za serikali na huingia katika Tume ya Bunge, chombo kinachosimamia fedha za Bunge lenyewe. Hapo ndipo mwandishi wa uchunguzi alipokutana na daftari la nyumbani.

Miezi miwili haijaisha, mitandao ikafurika nyaraka za matumizi ya Bunge chini ya Spika Anita Among. Kati yake ulikuwamo uamuzi wa 2022 wa kuwapa makamishna wanne shilingi bilioni 1.7 kwa jina la tuzo ya utumishi. Mpuuga peke yake alipata milioni 500. NUP ilimtaka aachie ukamishna, naye akakataa. Ssenyonyi alilazimika kuongoza kambi ambayo kiongozi wake wa jana alikuwa ameketi safu ileile akiwa mshitakiwa wa chama. Mpuuga baadaye alianzisha chama chake, Democratic Front.

Suala ambalo Ssenyonyi alilirithi bila kulitafuta ni la wafuasi wa NUP waliotoweka, orodha ya watu 18 iliyowafanya wapinzani kususia vikao mwishoni mwa 2023. Alirudi nalo mara kwa mara, na majibu ya serikali hayakubadilika sana.

Kususa kulibaki silaha kuu, na kunaonyesha mipaka yake. Novemba 2024 mjadala wa kuvunja Mamlaka ya Kahawa uliishia kwa ngumi ukumbini na wabunge kadhaa kusimamishwa, muswada ukapita. Tarehe 20 Mei 2025 upinzani ulitoka nje wakati wa muswada wa marekebisho ya sheria ya jeshi, uliorudisha uwezekano wa raia kushitakiwa katika mahakama za kijeshi baada ya Mahakama ya Juu kuuzuia tarehe 31 Januari mwaka huo. Muswada ulipita siku hiyohiyo. NRM ina wingi wa kutosha kupitisha sheria ukumbi ukiwa nusu, na kwa sababu hiyo michango ya Ssenyonyi iliyobadilisha lugha ya watu kuhusu fedha za umma ni ile ya chumba cha kamati, alikokuwa na hati mkononi na shahidi aliyekula kiapo.

Hali ya sasa

Hadi katikati ya 2025 alikuwa bado Kiongozi wa Upinzani na msemaji wa NUP. Kumbukumbu rasmi za Bunge huchapwa kwa Kiingereza. Kiswahili, ingawa ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, hakina toleo lake, kwa hiyo wasomaji wa makala hii walio nje ya Uganda huipata michango yake zaidi kupitia vyombo vya habari vya Nairobi na Dar es Salaam.