Jam, Mkesha au Msaragambo?

Kongowe yetu ni ile ya Kibaha, kwenye Barabara ya Morogoro. Iko nyingine Mbagala, njia ya Kilwa, na ukimwambia mtu wa Dar es Salaam "tukutane Kongowe" bila kuongeza neno, atakusubiri upande usio wako. Wasomaji wa mashairi ya kale wanaijua hata ya tatu, maana Mombasa iliitwa Kongowea. Wenyeji tumeshazoea. Jina likielemewa na maana nyingi, tunalifunga kwa neno la pili, safari inaendelea.

Nilikuwa kibarazani jioni moja alipokuja kijana wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha sita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Alitaka kubandika tangazo. Yeye na wenzake, wengine wakitokea upande wa Kisarawe, walikuwa wameazima kompyuta nne, na walitaka kukutana mwisho wa juma watengeneze gemu. Wenzao duniani huita mkusanyiko wa namna hiyo 'game jam'. "Kwa Kiswahili tuandikeje?"

Swali hilo lilinifurahisha kuliko nilivyoonesha. Nilimwambia tuanze na kitu chenyewe, jina litafuata.

Watu wanakusanyika. Wanapewa mada ambayo hakuna aliyeijua kabla, saa inaanza kuhesabiwa, na kila timu inatengeneza gemu ndogo ya kompyuta mpaka ichezeke. Mmoja anaandika programu, mwingine anachora, mwingine anatafuta sauti. Muda uliozoeleka ni saa 48, ingawa PyWeek, iliyoanza mwaka 2005 kwa wanaotumia lugha ya kompyuta ya Python, hutoa siku saba, na mtu anaruhusiwa kuingia peke yake au na timu. Ufupi huo wa muda ndio roho ya kazi. Mwenye ndoto ya gemu yenye ramani ya nchi nzima analazimika kubaki na chumba kimoja, mhusika mmoja, kitendo kimoja, na hapo ndipo anapogundua kama wazo lake lina uhai. Mwaka 2013 mada ya Global Game Jam, ile inayofanyika katika nchi nyingi kwa pamoja, haikuwa neno, ilikuwa sauti ya mapigo ya moyo. Watu wanne waliokuwa London wakatengeneza gemu ya kupandikiza moyo, ambamo mchezaji anahangaika kuongoza mkono wa daktari kidole kwa kidole. Ikaja kuuzwa kwa jina la Surgeon Simulator.

Jambo lenyewe si la zamani. Machi 2002, huko Oakland, Marekani, Chris Hecker na Sean Barrett waliwaita watengenezaji wachache wa gemu, wakawapa injini ya gemu iliyoweza kuonesha picha ndogo 100,000 kwa mpigo, wakawaambia jaribuni chochote. Waliliazima neno 'jam' kwa wanamuziki, wale wanaokutana bila nota wala mazoezi, kila mmoja akiitikia alichopiga mwenzake. Global Game Jam ya kwanza, Januari 2009, ilikuwa na watu zaidi ya 1,600 katika nchi 23.

Sasa turudi kwenye tangazo. Neno la kwanza halikutusumbua sana, ingawa kuna watakaoniuliza kwa nini si 'mchezo'. Mchezo ni neno langu pia, nalipenda, lakini limebeba mizigo mingi. Mpira ni mchezo. Tamthilia ya redioni ni mchezo. Kina mama wakisema "leo napokea mchezo" wanazungumzia upatu, na fedha ile haina utani. Ukibandika tangazo la "kutengeneza mchezo" hapa Kongowe, atakuja mtu na daftari la majina na michango. Gemu limeshaingia mtaani, kibanda cha gemu kila mtoto anakijua, na linakaa vizuri katika ngeli yake: gemu hii, gemu hizi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, walitupa somo hilohilo: maneno kama 'faili' yanaweza kukaa pamoja na 'hifadhi' na 'hariri' bila ugomvi.

'Jam' ndilo lililotutoa jasho. Tukiliswahilisha tunapata jamu, na jamu hupakwa kwenye mkate. Tukiliacha lilivyo, msomaji wa Nairobi ataona foleni ya magari. Kijana akapendekeza 'shindano'. Nilikataa, na bado nakataa. Yako mashindano ya kweli, PyWeek hupanga washindi kwa alama ambazo washiriki hupeana wenyewe. Lakini Global Game Jam haina mshindi kwa makusudi kabisa, na istilahi inayoahidi kombe ambalo halipo inampotosha mtu kabla hajafika.

'Mkesha' ulinivuta. Tunakesha na Mwenge, tunakesha maulidi, tunakesha kanisani, na daima mkesha una watu wengi na nia moja. Ila unasifu kutolala, na kijana anayeandika programu usiku wa pili bila usingizi anaharibu alichojenga mchana. Siku saba nazo hazikesheki.

Nikafika kwenye msaragambo, neno linalosikika zaidi Tanga na Kilimanjaro. Mbiu inapigwa, kila mtu anakuja na jembe au panga lake, mfereji unazibuliwa au darasa linainuliwa, na jioni kila mmoja anaiona kazi kwa macho. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Najua lina doa: vijijini asiyehudhuria hutozwa faini, na anayetengeneza gemu haswagwi na mtu. Doa hilo nalikubali, kwa sababu mengine yote yanalingana: wito, muda uliofungwa, vifaa tofauti mikononi mwa watu tofauti, kitu kinachobaki.

Kuhusu kitu kinachobaki, nikamsimulia habari ya gemu iitwayo Baba Is You. Arvi Teikari wa Finland aliianza kwenye Nordic Game Jam ya 2017. Ndani yake maneno ni matofali: ukiyasukuma ukayapanga upya, sheria ya gemu inabadilika. Kijana alikuwa ameshakaa kimya anawaza.

"Kwa Kiswahili tusingesukuma maneno, Mwalimu. Tungesukuma viambishi. Ukitoa *m* ukaweka *ki*, mtu anakuwa kitu, anaacha kutembea."

Nilimwambia hiyo iandike haraka kabla hujalala. Akachukua karatasi yake, akaandika juu kabisa: MSARAGAMBO WA GEMU. Akaitazama kidogo, akakunja karatasi.

"Tukifanya mara tatu kwa mwaka, itakuwa misaragambo mitatu?"

"Mitatu," nikamjibu.

Akaaga, akavuka barabara.