Jarida la wapenda magari linaanzaje? Tujifunze kwa Hot Rod ya mwaka 1948



Leo naleta mada ya magari, lakini siyo ya nani kanunua gari gani. Nataka tuangalie jinsi jarida la wapenda magari linavyoanza, likasimama, na mara nyingine likafa. Nimeichimba mada hii kwa sababu kuna wenzangu wa mtaani, mafundi, madereva na mashabiki tu, wanataka kutoa la kwao. Kila mtu achange sh. 50,000, na mimi niwe mhariri kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne na napenda kuandika. Sasa kuna watu humo ambao hiyo 50,000 ni kodi ya chumba. Hela ya namna hiyo huwezi kuiweka mahali kwa kubahatisha, kwa hiyo nimekaa nikasoma wenzetu walifanyaje. Haya ndiyo niliyoyapata.

YALIANZA LINI?

Majarida ya magari yana umri karibu sawa na magari yenyewe. Uingereza, The Autocar lilitoka tarehe 2 Novemba 1895, wakati magari nchini humo yalikuwa ya kuhesabu. Mwezi huohuo Marekani likatoka The Horseless Age, jina lenye maana ya enzi ya kutembea bila farasi. Hayo yalikuwa majarida ya wavumbuzi, wenye viwanda na watu wenye uwezo wa kununua gari jipya.

Lakini jarida la vijana wasio na hela, wanaochukua gari kuukuu na kulitengeneza wenyewe kwa mikono yao, hilo ni jambo jingine. Mfano mkubwa ninaoujua ni Hot Rod, lililotoka Los Angeles, Marekani, Januari 1948.

KUNDI LILIKUWEPO KABLA YA JARIDA

Hapa ndipo penye siri yote, naomba tuelewane. Vijana wa kusini mwa California walikuwa wananunua Ford kuukuu, Model T au Model A, au ile ya mwaka 1932 iliyokuja na injini ya V8. Wanang'oa madigadi, bampa, paa, chochote chenye uzito wa bure, halafu wanaiongezea injini nguvu. Gari la namna hiyo ndilo likaitwa hot rod.

Kupimana nani zaidi walienda jangwani, kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni tambarare na ngumu kama sakafu. Mwaka 1937 vilabu vyao vikaungana na kuunda chama kinachoitwa SCTA. Chama kilikuwa na saa za kupimia mwendo, madaraja ya magari, kanuni na rekodi. Maana yake ni kwamba miaka zaidi ya 10 kabla ya jarida, watu walikuwepo, matokeo yalikuwepo, na mashujaa walikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kuyaandika.

Upande wa pili wa habari ulikuwa mchungu. Si wote waliokwenda jangwani. Wengine walikimbizana usiku kwenye barabara za watu, ajali zikatokea, watu wakafa. Basi magazeti ya mjini yakawaweka wote kapu moja: mwenye hot rod ni mhuni. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vijana waliporudi kutoka jeshini, magari hayo yakawa mengi zaidi na lawama nazo zikaongezeka.

SIKU YA KWANZA

SCTA ikaona njia ya kujisafisha ni kufanya maonyesho ya magari kwenye jengo la jeshi la akiba mjini Los Angeles, Januari 1948, ili raia wajionee kazi nzuri ya mikono ya vijana hao. Mmoja wa watu wa kuyatangaza maonyesho hayo alikuwa Robert E. Petersen, kijana wa miaka 21 tu, ambaye kabla ya hapo alikuwa tarishi katika kampuni ya filamu ya MGM. Katika kuzunguka na kuongea na watu akagundua kwamba jamii yote hii haina jarida lake. Akashirikiana na mwenzake Robert Lindsay, wakalitoa.

Toleo la kwanza lilikuwa na kurasa 24 tu na liliuzwa senti 25. Jaladani kulikuwa na gari la wazi namba 668 la Eddie Hulse, mtu wa jangwani kabisa, siyo mcheza filamu wala gari la tajiri. Na wachapishaji hawakusubiri maduka yawakubali. Walisimama wenyewe kwenye maonyesho wakauza mkononi, nakala baada ya nakala, na baadaye wakazunguka kwenye viwanja vya mbio wakifanya hivyohivyo. Kama wauza karanga stendi!

Ndani mlikuwa na nini? Matokeo ya mbio za jangwani, picha za magari ya watu wa kawaida, na maelezo ya kiufundi: injini imefanywa nini mpaka ikafika pale. Kijana wa mbali aliyekuwa hajui fundi hata mmoja sasa aliweza kujifunza kwa kusoma.

Na matangazo? Hapa nilijifunza kitu. Kulikuwa tayari na mafundi wadogo waliogeuka watengenezaji wa vipuri. Vic Edelbrock, kwa mfano, alikuwa ameshatoa katalogi yake ya kwanza mwaka 1946. Watu kama hao hawakuwa na sababu ya kutangaza kwenye gazeti la kila siku ambalo wasomaji wake wengi ni watu wasiojua hata kabureta iko wapi. Jarida likawapa wasomaji ambao kila mmoja wao ni mteja. Fundi anapata wateja, jarida linapata hela ya kuchapa, msomaji anajua spea inapatikana wapi.

JARIDA LILIVYOSAIDIA KUOKOA MAISHA

Sehemu hii ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Mwaka 1949 Wally Parks, aliyekuwa kiongozi wa SCTA, akawa mhariri wa Hot Rod. Mwaka huohuo yeye, Petersen na wenzao walifanikisha ruhusa ya kutumia uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, na wiki ya kwanza ya mbio za mwendo mkali ikafanyika huko.

Parks hakutumia kurasa zake kusifia wanaokimbizana mitaani. Alisukuma jambo lingine: kijana apewe mahali halali pa kukimbia, penye kanuni, na gari lake likaguliwe kabla. Mwaka 1950 uwanja wa ndege wa Santa Ana, California, ulianza kutumika kwa mbio za kulipia kiingilio. Mwaka 1951, kwa msaada wa jarida, Parks akaanzisha chama cha NHRA. Mbio rasmi za kwanza za chama hicho zilifanyika Pomona, California, mwaka 1953, kwenye eneo la maegesho ya viwanja vya maonyesho. Mbio hizo ni za magari mawili mawili kwenye mstari ulionyooka, robo maili, yaani kama mita 402.

Halafu sikilizeni hii. Mwaka 1954 NHRA ilituma watu wanne wazunguke nchi nzima na gari lililovuta trela lenye vifaa vya kupimia. Kila mji walifundisha vilabu vya vijana namna ya kuendesha mbio salama. Kiongozi wao, Bud Coons, alikuwa ametoka kwenye polisi ya Pomona, na mmoja wa wenzake, Eric Rickman, alikuwa mpiga picha. Msafara huo uliitwa Drag Safari. Ndiyo, safari! Neno letu hilihili. Mpaka leo kikosi cha usalama cha NHRA kinaitwa Safety Safari. Mwaka 1955 wakafanya mashindano ya kwanza ya taifa, mjini Great Bend, jimbo la Kansas.

Kwa hiyo ndani ya miaka saba, kutoka kurasa 24 za kuuzwa mkononi, jamii iliyoitwa ya wahuni ikawa na viwanja, bima, wakaguzi na bingwa wa taifa. Sisemi jarida peke yake ndilo lililofanya. Ila bila jarida kijana wa Kansas angejuaje kinachofanyika California?

Petersen naye hakukaa. Septemba 1949 alitoa Motor Trend, la magari ya kawaida ya dukani. Mwaka 1953 likaja jingine la mafundi, lililobadilishwa jina mwaka huohuo na kuwa Car Craft. Mwaka 1994 lilifunguliwa jumba la makumbusho ya magari lenye jina lake Los Angeles. Kampuni yake aliiuza mwaka 1996, na alifariki mwaka 2007.

WENGINE WALIOPITA NJIA HIYO

Japani kuna Option, lililoanza mwaka 1981 chini ya Daijiro Inada. Hawa walikuwa na mtindo wa kuyapeleka magari yaliyoongezewa nguvu kwenye uwanja wa Yatabe na kuyapima mwendo kweli, ili fundi asijisifu kwa mdomo tu. Mwaka 1983 Inada akaanzisha maonyesho ambayo sasa yanajulikana kama Tokyo Auto Salon. Ukiona kijana wa Dar au Nairobi anababaika na injini za Kijapani, ujue sehemu ya utamaduni huo ilipikwa kwenye kurasa kama hizo, na magari yenyewe yakatufikia baadaye kama mitumba.

Uingereza lilikuwepo Max Power, kuanzia 1993. Lilikuwa la vijana wenye magari madogo ya bei nafuu, rimu kubwa na muziki mzito. Lilivuma sana, lakini mwaka 2011 likafungwa.

Na Marekani kwenyewe, Desemba 2019 kampuni iliyokuwa inamiliki Hot Rod ilitangaza kusimamisha uchapaji wa majarida 19 kati ya 22 iliyokuwa nayo. Car Craft lilikuwa mojawapo ya yaliyokufa. Hot Rod na Motor Trend yalikuwa kati ya matatu yaliyobakizwa. Kwa hiyo asije mtu akakudanganya kwamba jarida la karatasi ni mashine ya kuchapa noti.

SASA SISI TUFANYE NINI?

1. Kundi kwanza, jarida baadaye. Kama hamna ratiba ya kukutana, hamna orodha ya magari na mafundi wenu, na hamna kumbukumbu za mlichofanya, toleo la pili mtaandika nini? Picha za kuchukua kwa watu hazifiki mbali.

2. Uza pale wapenzi wanaposimama. Gereji, maduka ya spea, sehemu za kuoshea magari, maonyesho. Kumkabidhi mtu wa meza ya magazeti nakala zote na kusubiri ni kuzisubirisha zichuje rangi.

3. Tangazo la kwanza lipo kwa fundi wa jirani. Mpiga rangi, fundi umeme wa magari, muuza rimu. Anayelipa kidogo kila toleo ana faida kuliko kampuni kubwa mnayoiota.

4. Jua hesabu ya mtambo. Kurasa huenda kwa mafungu ya nne, nane au 16, kwa hiyo kurasa 24 zinakubali, 25 hazikubali. Gharama ya kuandaa sahani za kuchapia ni ileile mkichapa nakala 100 au 1,000, ndiyo maana nakala chache huwa ghali kila moja. Lakini kuchapa nyingi zikalala chini ya kitanda ni hasara kubwa zaidi. Pigeni hesabu kwa nakala mtakazouza kweli.

5. Sheria. Kwa Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka chapisho la namna hii liwe na leseni, na ofisi ya kuanzia ni Idara ya Habari (MAELEZO). Ulizeni kabla ya kuchapa, siyo baada ya kuitwa.

6. Msimamo. Kwetu baadhi ya wenzangu wanataka jalada liwe na picha za kukimbizana usiku barabarani, eti ndizo zinazouza. Mimi nimewaambia wazi: jarida likiwa la hivyo mtafute mhariri mwingine. Hot Rod lilikuwa na nafasi hiyohiyo mwaka 1948, tena wakati ambao kila mtu alikuwa anaongelea mbio za mitaani, na likaweka jaladani mtu aliyekimbia jangwani kwa kanuni. Barabara ya usiku ina mama ntilie anarudi na masufuria yake, ina mwendesha baiskeli asiye na taa. Huwezi kuuza nakala kwa hatari ya mtu ambaye hata hajui kama mnashindana.

Ushauri wangu kwa mwenye sh. 50,000 mkononi: usichange kwa sababu ya jina zuri la jarida. Omba kuona vitu vitatu kwanza, yaani matoleo matatu yaliyoandikwa tayari, majina ya mafundi waliokubali kutangaza, na hesabu ya mchapaji iliyoandikwa kwenye karatasi. Ukiona vyote, changa. Ukikosa hata kimoja, weka hela yako mfukoni na endelea kwenda kwenye mikutano ya kundi, maana hiyo ni bure na ndiko jarida linakozaliwa.

Nawasilisha. Mwenye uzoefu wa kuchapa atujuze bei za mtambo, tusaidiane.